R15 unayouziwa: V3 kweli au V2 iliyovalishwa makava?

Mkuu, habari za Moshi. Unauliza kama pikipiki ya Yamaha R15 uliyoiona huku Arusha ni V3 (toleo la tatu) kweli au V2 (la pili) iliyobadilishwa makava. Stika ziache, fundi yeyote anakubandikia.

Anza na kadi. V1 ya 2008 na V2 ya 2011 ni cc 149, V3 ni 155. Namba ya injini ilingane na iliyogongwa kwenye injini yenyewe. Futa vumbi usome. Halafu washa swichi: V2 ina mshale wa mizunguko, V3 dashibodi yote ni ya kidijitali. Injini ikishapata moto, piga resi taratibu. Ikipita mizunguko 7,400 kwa dakika, alama ya VVA inawaka, yaani vali za kuingiza hewa zimehamia kemu (kipande kinachosukuma vali) ya pili. Hapo ndipo V3 inapoiacha V2, mlima wa Marangu utakuonyesha.

Swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) ya alumini isikudanganye, V2 nayo inayo. Na shokapu za mbele za kawaida zisikutishe: V3 ya India ilitoka nazo, ya Indonesia ndiyo yenye zilizopinduliwa, za rangi ya dhahabu.

VVA isipowaka, mpe muuzaji bei ya V2 au mwachie.