Nimeambiwa bado mbichi, nifurahi au ninune?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Kazini fundi mkuu kaniambia mbele za watu "wewe bado mbichi", nikanuna siku nzima. Jioni shangazi yangu, mtu ana wajukuu tayari, akaambiwa na shoga yake "aisee wewe bado mbichi", alicheka mpaka jino la mwisho likaonekana. Sasa neno si lilelile? Mbona kwangu tusi kwake sifa? (Mnunaji)

JIBU: Pole Mnunaji, ila hujatukanwa kihivyo. Hili neno halisimami peke yake, ukilisikia jiulize kwanza kinyume chake hapo ni nini. Kwenye embe ni bivu, kwenye nyama ni iliyopikwa, kwenye tofali ni la kuchoma, kwenye kuni ni kavu. Ndo maana linageuka geuka, kuni mbichi utapuliza mpaka machozi yakutoke na unachopata ni moshi tu, lakini samaki mbichi ndo anagombewa, na wahenga walishasema samaki mkunje angali mbichi maana akishakauka ukimkunja anakatika. Wewe pale kazini kinyume chako ni kuiva, yani fundi anaona kazi bado haijakukolea, hiyo inatibika. Shangazi kinyume chake ni kuchuja, kwahiyo kaambiwa umri unapita pembeni tu, acha acheke. Hata wauza magari wanaitumia hiyohiyo, "gari bado mbichi kabisa", japo hao mimi ningefungua boneti kwanza.

Halafu kuna ya machungu. Kidonda kibichi, kaburi bichi, msiba bado mbichi, hapo ni kwamba jambo halijapoa, mtu wa hivyo usimuanzishie habari za kugawana mali. Na ukisikia mtu anasema "huyo nikimkamata namla mbichi" we kaa mbali, hasira zake hazina muda wa kusubiri jiko.

Ila inayonifurahisha mimi ni sizitaki mbichi hizi. Hapo ubichi wenyewe haupo, umesingiziwa. Jamaa kaomba kazi kakosa, kesho yake anakwambia aah pale kwanza mshahara mdogo, mabosi wenyewe wanoko, sikuwa na mpango napo, na barua ya maombi aliiandika mara nne na wewe ndo ulimsaidia kusahihisha. Mwache tu, ukimbishia utamuongezea kidonda.

SWALI: Kwanini tunasema kijani kibichi? Kuna kijani kilichopikwa? (Mdadisi)

JIBU: Hahaha, hapa kinyume ni kukauka. Kijani chenyewe kimetoka kwenye jani, na jani likiwa bado na maji yake rangi inawaka, likianza kunyauka linaelekea njano. Kwahiyo kibichi inakazia kwamba ni ile ya jani lililo hai, sio ile iliyopauka ya shati la zamani. Maji yamo kwenye hili neno siku nyingi, hata nguo ukiianua haijakauka unaambiwa bado mbichi, na Waganda wenye -bisi yao, ambayo ni ndugu wa bichi yetu, juisi wanaiita omubisi. Ila tafadhali usiandike "kijani mbichi" kama ninavyoona kwenye meseji zenu, hapo ni kibichi.