Jibu: Majani machanga ya waridi yamejikunja, sisimizi wamejaa

Pole sana, ndugu. Umeuliza kuhusu waridi lako lenye majani machanga yaliyojikunja na kunata, sisimizi waliojaa, na majani machache ya chini yaliyogeuka njano. Majani kujikunja, kunatanata, sisimizi kupanda na kushuka: hao ni vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mmea. Sisimizi hawali waridi lako. Wanafuata maji matamu wanayotoa vidukari, nao huwalinda dhidi ya maadui, lakini kumwaga sumu kwenye kichuguu kama ulivyopanga hakutaondoa vidukari wenyewe.

Geuza jani la kileleni ulitazame vizuri. Utaona vijidudu laini vya kijani vimesongamana kwenye shina changa na kando ya mishipa ya jani, pamoja na maganda meupe waliyojivua. Jike huzaa bila dume, na penye joto watoto wake huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Usichelewe.

Anza na maji tu: shika kikonyo kwa mkono mmoja, wapige kwa mpira wa maji asubuhi, siku kadhaa mfululizo. Wakibaki, koroga kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita 1, pulizia jioni chini ya majani, baada ya kujaribu kwenye majani machache. Ukiona mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, tafadhali usipulizie hapo. Hao wanawala vidukari.

Na ile mbolea ya naitrojeni uliyosema unaweka kila wiki, isimamishe kwanza. Inatoa machipukizi laini mno, na hayo ndiyo wanayoyapenda.

Majani machache ya chini kuwa njano mara nyingi ni uzee tu, ila yakiwa na madoa meusi yaokote uyatupe mbali.