Umerithi Nyumba Mji Mkongwe? Usikimbilie Saruji

Mzee akishazikwa na matanga yakishaanuliwa, swali huwa ni lile lile: nyumba tuifanye nini? Mrithi mmoja yuko Dar, mwengine Muscat, mwengine London, na kila mmoja anatuma maoni yake kwenye kundi la simu. Nimehangaika na nyumba ya ukoo wetu kwa miaka, nimekaa na mafundi wa zamani na wa sasa, kwa hiyo haya namwandikia yule aliyebaki Unguja na funguo mkononi, asiyejua aanzie wapi.

Anza na paa, na uende kabla ya masika. Tazama mabati, misumari iliyolegea na mifereji iliyozibwa na majani. Maji yakipata tundu dogo hushuka ndani ya ukuta hadi kwenye vichwa vya boriti, pale zilipoingizwa kwenye mawe, na huko ndiko zinakooza mwanzo. Ukitazama dari kutoka chini utaiona nzima kabisa. Chukua bisibisi udunge boriti karibu na ukuta. Ikizama bila kusukumwa, mwite fundi wiki hiyo hiyo. Na nyumba msiifunge. Hata kama hakuna anayetaka kuhamia, mpeni jamaa chumba cha chini bila kodi, ili mvua ya usiku iwe na mtu wa kuisikia.

Sasa kuta, ambako ndiko watu wanakoharibu zaidi, tena kwa nia njema. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wake nusu mita au zaidi. Zinavuta unyevu kutoka ardhini na kwenye hewa ya bahari, kisha zinautoa taratibu. Fundi mmoja mzee wa Malindi aliniambia, "Mwanangu, ukuta huu unatoka jasho. Ukiuvisha koti la saruji, jasho litakwenda wapi?" Linabaki ndani, pamoja na chumvi. Chumvi ikikauka inasukuma, lipu inavimba, na mwishowe inaanguka kipande kizima na kung'oa mawe laini iliyoyashika. Mwenye nyumba akiona hivyo husema nyumba imechoka, kisha anapiga lipu nyingine ya saruji, nzito kuliko ya kwanza. Rangi ya mafuta nayo ni hivyo hivyo.

Chokaa inataka subira, na hapo ndipo wengi tunaposhindwa. Inazimwa kwa maji kwenye shimo na kuachwa ilowe kwa wiki kadhaa. Ikikaa zaidi inazidi kuwa laini. Kila tabaka lingoje la chini yake lishike, likingwe jua kali na kunyunyiziwa maji, na niru, yaani chokaa laini ya kumalizia, ije mwisho kabisa. Kazi hii ifanyeni kipupwe, masika yakishapita. Mkandarasi wa saruji atakuahidi kumaliza kwa siku chache, na kwa kweli atamaliza. Mimi humwomba fundi yeyote anipeleke kwenye ukuta wake uliokwishapita masika mawili. Wengi hawarudi tena.

Saruji siichukii. Ina mahali pake, kwa mfano msingi wa tangi la maji, na tangi lenyewe likae chini. Lita 1,000 za maji ni tani moja, nasi tunaipandisha juu ya miti iliyowekwa wakati wa mababu, kisha tunaongeza choo na bafu kila ghorofa ili wageni wapate vyumba vyenye bafu ndani. Mashine za kupoza hewa nazo zinadondosha maji ukutani mchana kutwa. Mji wetu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini orodha haizuii ukuta kuanguka. Jumba la Beit al-Ajaib pale Forodhani, lililojengwa na Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 likiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafariki. Jumba lenye macho ya dunia nzima limefikwa na hilo, sembuse yako ya kichochoroni.

Kuna jambo ambalo sisi wapenzi wa nyumba kongwe hatupendi kulisema. Vyumba vyetu ni vyembamba na virefu kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti, na boriti ni mikoko. Chokaa ya zamani ilichomwa kutoka matumbawe, kwenye tanuu lililokula magogo mengi. Tukisema kila nyumba irudishwe kwa vitu vile vile, nani atakatiwa pwani yake? Mikoko ya Chwaka iko sehemu moja na msitu wa Jozani katika hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2004. Upande mmoja yupo kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja tu, na upande wa pili samaki wadogo wanakulia kwenye mizizi ya mikoko. Kwa hiyo msing'oe boriti zote kwa sababu tatu zimeoza. Zilizo nzima ziacheni, tafuteni nzuri kutoka nyumba zilizobomoka, na pengo lililobaki zibeni kwa mbao ngumu zilizokauka vizuri. Chokaa ya mawe ya machimbo inatosha, hata kama fundi mzee atanung'unika. Na ukuta wa kati usibomolewe ili sebule iwe pana: boriti zimeukalia huo.

Kabla ya kununua hata ndoo ya chokaa, nendeni Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kuomba kibali. Watu wanaikwepa ofisi hiyo kwa kuogopa kucheleweshwa, kisha kazi inasimamishwa nyumba ikiwa haina paa. Pigeni picha kila mlango, kila kidaka cha ukutani na kila njumu ya mlangoni, maana kazi ikianza vitu vina tabia ya kuondoka na gari la kifusi.

Warithi waandikiane. Mchango mdogo wa kila mwezi unaofika ni bora kuliko ahadi kubwa ya mtu wa London, na fedha ya paa isiguswe kwa harusi. Ila hata kabla ya kuchanga, ulizeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana hadhi ya nyumba yenyewe. Ikiwa ni wakfu, yaani mali iliyofungwa kwa ajili ya Mungu, haiuzwi, na yule ndugu anayeleta habari za mwenye hoteli kila Idi itabidi atafute mazungumzo mengine.