Jibu: Sehemu ya maoni iwe ndani ya programu, lakini izimwe mwanzoni
Ndugu, umeuliza kama programu ya kuchapishia tovuti inapaswa kuja na sehemu ya maoni ya wasomaji, au kazi hiyo iachiwe huduma ya nje. Naamini inapaswa kuja nayo, ila iwe imezimwa mpaka mwenye tovuti aamue kuiwasha. Ukitegemea huduma ya nje, maneno ya wasomaji wako hukaa kwenye hifadhidata ya mtu mwingine, na siku huduma hiyo ikifungwa au ikianza kupachika matangazo, huna la kufanya. WordPress, mojawapo ya programu hizo za kuchapishia, imekuwa na maoni tangu 2003, ilhali Ghost, programu nyingine ya aina hiyo iliyoanza 2013 bila maoni, iliyaongeza mwaka 2022. Mzigo wenyewe ni maoni taka: mtu huandika "Makala nzuri sana, asante", nawe unakaribia kuyaidhinisha, kumbe jina lake limebeba kiungo cha tovuti ya kamari. Kwa hiyo uhakiki wa maoni kabla hayajaonekana, pamoja na uwezo wa kuyafunga kwenye makala za zamani, ni lazima viwemo tangu siku ya kwanza.