Dredi ni zako, lakini video ile ni yake pia

Dada, umeandika kwamba bwana amekununia tangu uanze dredi, na mambo yakaharibika zaidi ulipoweka TikTok video yake akikoroma kwenye kochi. Wenzetu wamegawanyika: hawa wanakwambia mwili ni wako apende asipende, wale wanakusomea utii wa mke. Mimi ninaishi mtaa wa Umoja, Nairobi, nina dredi na nina mume, kwa hivyo niongeze langu.

Hayo ni mambo mawili tofauti, na ukiyaweka kwenye kapu moja hamtaelewana. Kwanza nywele.

Mimi nilikuwa mteja wa Kenyatta Market. Unapajua: unakalishwa, wasusi watatu wanakishambulia kichwa kimoja, kila mmoja anavuta upande wake, moshi wa nyama choma unakujia puani, na usiku huwezi hata kulaza kichwa kwa mto. Nilichoka. Nikamwambia bwana, "Mwezi ujao naanza dredi." Sikuomba ruhusa. Nilimpa habari mapema ili asije akashtukia kichwa kigeni mlangoni, na kama ana neno aliseme.

Alikuwa nalo: dredi ni za wahuni. Nikamkumbusha sanamu ya Dedan Kimathi, shujaa wa Mau Mau, pale tauni, ile iliyozinduliwa 2007, kwamba zile kichwani ni nini? Akacheka, akakubali, na usiku akanuna vilevile. Kumshinda mtu kwa maneno hakumtoi wasiwasi. Basi nikamuuliza, "Ni nani hasa unayeogopa atasema?" Akanyamaza, kisha akasema mama yake. Kumbe hakuwa na vita na nywele zangu. Hakujua angenitetea vipi mbele ya mama. Tukakubaliana nimpigie mama mkwe mwenyewe kabla hatujaenda ushago Krismasi. Mama alilalamika, akaniombea, akazoea. Siku hizi ananiuliza napaka mafuta gani.

Waliokutajia Katiba hawajakosea, Ibara ya 45 inasema wazi kwamba mume na mke wana haki sawa ndani ya ndoa. Ila kwa maelezo yako mwenyewe, bwana hajakukataza chochote. Amesema tu, "Ungeniambia." Hilo ni dai dogo, na unaweza kulilipa leo bila kukata hata dredi moja. Angekuwa amekutisha, au ameshika mkasi, ningekuandikia jibu jingine kabisa.

Sasa video. Hapo siko upande wako. Unasema wewe ni mcheshi, ndivyo ulivyoumbwa, na ukizuiwa utajihisi umefungwa mdomo. Sawa, lakini umesema bwana anafundisha sekondari. Hebu mwone Jumatatu asubuhi: anaingia darasani, anageukia ubao, na kijana fulani kiti cha nyuma anaanza kukoroma. Darasa zima linaangua kicheko. Atamwadhibu nani, na kwa kosa gani? Wewe ulipata likes, yeye akabaki na hiyo Jumatatu.

Kwetu tunaenda hivi: linalonihusu mimi peke yangu, naposti. Lenye sura yake, au lililotokea chumbani, analiona kwanza, na akikataa haliendi, hata kama lingechekesha Nairobi nzima. Naye amefungwa na sheria hiyohiyo. Aliwahi kuwasimulia wanaume wa ploti kwenye grupu ya WhatsApp jinsi chapati zangu zinavyohitaji msumeno, na aliifuta posti hiyo usiku huohuo. (Chapati zenyewe zilikuwa za unga mbaya, lakini tuyaache hayo.)

Kwa hivyo toa hiyo video leo, mwambie umeitoa, na usisubiri akushukuru. Dredi zako zitunze. Akizidi kununa, waiteni wale waliowasimamia harusini mzungumze mbele yao. Mama yako asiitwe. Atakutetea hata pale usipostahili.