Pawabenki Yenye Chuma Tumboni

Mhariri, juma hili mmeuliza: "Ni kifaa gani kidogo cha ajabu usichoweza kutoka nyumbani bila kukibeba?" Majibu mtakayopata yanajulikana. Feni ya shingoni, blenda ya kuchaji, spika ya kuning'iniza kwenye mkoba, kiberiti kisicho na gesi. Vyote vinauzwa kwenye msongamano wa Thika Road jioni, na vyote vina betri ndani. Mngeuliza hivi ningefurahi zaidi: kati ya hivyo, kipi kina betri ya kweli? Kwa anayeshinda Luthuli, mtaa wa vifaa vya elektroniki Nairobi, akivifungua, jibu ni fupi. Karibu hakuna. Kifaa cha betri usinunue kupitia dirisha la matatu. Mwavuli nunua.

Tushike pawabenki, maana ndiyo wengi wanabeba. Simu ikizima Nairobi, mazungumzo ni hasara ndogo. Nauli imo humo, chakula cha mchana kimo humo, na kondakta hasubiri ufike nyumbani uchaji ndipo umlipe kwa M-Pesa.

Kuna pawabenki nyingi zenye seli (betri ndogo za mviringo za ndani) za 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Seli nzuri ina uzito wa gramu 45 hadi 48, na hubeba kati ya 2,000 na 3,500 mAh (miliampia-saa, kipimo cha chaji). Ukikuta imeandikwa 9,900, hayo maandishi ni mapambo. Sasa piga hesabu: pawabenki ya 20,000 mAh yenye seli za 2,500 inataka seli nane, na nane hizo peke yake zinapita gramu 350. Zile seli bapa ni nyepesi kidogo, lakini hata kwazo 20,000 ya kweli haiwezi kuwa nyepesi kama simu. Mizani ya mama mboga inatosha kumaliza ubishi.

Kuna jambo moja ambalo muuzaji hulaumiwa bure. Namba ya kwenye boksi ni ya seli, na seli ni volti 3.7. USB inatoa volti 5. Kwa hiyo 10,000 mAh ni wati-saa 37 za nishati, sehemu inapotea kama joto wakati bodi ya saketi inapandisha volti, na kinachotoka ni kama 6,000 hadi 6,500 mAh. Simu yenye betri ya 5,000 itajaa mara moja na kitu. Huo si wizi.

Wizi ni huu. Iliwahi kuletwa mezani pawabenki ya kondakta mmoja wa njia ya Rongai: boksi limeandikwa 50,000 mAh, paneli ya sola mgongoni, tochi kichwani, nyaya nne zimetokeza kama miguu ya pweza. Lalamiko lake lilikuwa kwamba simu haijai hata theluthi. Kabla ya kuifungua, tazama ubaya wa hiyo namba: 50,000 mAh ni wati-saa 185, na mashirika ya ndege huruhusu hadi wati-saa 100 bila kibali, tena kwenye mkoba wa mkononi tu. Mkaguzi wa uwanja wa ndege anasoma maandishi, hafungui ganda. Uongo huo huo uliomuuzia mtu kifaa ungemnyang'anya JKIA.

Kwenye mizani, gramu 190. Ganda halikuwa na skrubu. Ganda la namna hiyo hufunguliwa kwa kadi ya plastiki inayopitishwa kwenye mshono, ukianzia upande wa matundu ya USB, na si kwa kisu, kwa sababu kisu kikiteleza kinaingia kwenye seli. Ndani kulikuwa na seli mbili, kila moja gramu 33, na kando yake kipande bapa cha chuma cha gramu 50 kilichogandishwa kwa gundi ya moto. Chuma kile hakikuwa na waya hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiganja cha mnunuzi na kumwambia, "nina uzito."

Seli zilipopimwa zilibeba 1,150 kila moja. Mita ya USB, kidude kinachohesabu chaji inayopita, kwenye tundu la kutolea ilihesabu 1,400 mAh, ikakoma. Kutoka 50,000. Paneli ya sola, katika jua la saa saba, ilitoa miliampia 110, kwa hiyo hata hizo seli mbili dhaifu zingehitaji zaidi ya saa 20 za jua kali kujaa. Julai Nairobi, mkijua mawingu yetu, hesabu wiki. Mbaya zaidi ni mahali watu wanapoianika: dashibodi. Seli za lithiamu hazifai kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi 45, na dashibodi ya matatu iliyoegeshwa juani inapita hapo bila shida. Sola hiyo inaila betri inayodai kuilisha.

Ila bodi ilikuwa nzima. Hili halikutarajiwa. Ilikata chaji kwenye volti 4.2 kama inavyopaswa, ikakata matumizi kwenye 3.0, haikupata moto. Aliyeitengeneza alijua kazi yake, kisha mtu mwingine akajaza tumbo kwa chuma.

Chuma kilitolewa pamoja na zile seli mbili, zikaingia seli nne za betri kuukuu ya kompyuta mpakato. Betri hizo zikifa, mara nyingi jozi moja tu ndiyo imekufa. Pima kila seli: iliyoshuka chini ya volti 2.5 tupa. Zilizobaki zijaze hadi 4.2, ziache siku saba, na itakayokuwa imeshuka chini ya 4.1 inavuja ndani, nayo tupa. Kabla ya kuziunganisha sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, tofauti ya volti kati yao isizidi 0.05, la sivyo iliyojaa itaimwagia mwenzake mkondo mkali na zote zipate moto. Kwenye upande wa chanya bandika kiduara cha karatasi ya kuhami, kwa sababu ukingo wa kopo la seli, hata hapo juu, ni hasi. Ukanda wa kuunganishia ukiugusa, umetengeneza fataki. Seli zishikane kwa ukanda wa nikeli unaochomelewa nukta kwa nukta. Chuma cha kulehemu kikikaa juu ya seli, joto linaharibu kizuizi cha usalama kilichomo ndani.

Ilipofungwa ilikuwa na gramu 254, na mita ikahesabu 4,900 mAh. Ndiyo hiyo ya 50,000, sasa inajaza simu karibu yote.

Kwa hiyo nilichosema juu kuhusu dirisha la matatu kinahitaji kulegezwa. Nunua, lakini ihesabu kama ganda na bodi, na ulipe bei ya ganda na bodi. Bora zaidi kuliko zote ni ile ambayo Nairobi inadharauliwa kwa kuonekana kama kitu cha kuchezea: kiboksi chenye nafasi za kutumbukiza 18650 bila kulehemu, au tochi ya kufungua kifuniko yenye tundu la USB. Seli ikichoka unabadilisha moja, na hakuna pa kufichia chuma.

Masharti yapo. Huna mita ya volti, usiguse. Seli iliyovimba haikandamizwi wala haitobolewi, na ya kompyuta iliyokwaruzwa ganda usiitumie hata kama inapima vizuri. Pawabenki iliyofanyiwa kazi hii isichajiwe kitandani, na usiende nayo uwanja wa ndege ikiwa bado imeandikwa 50,000.

Kuhusu vile vingine, haraka. Feni au blenda yenye tundu la USB-C inayokataa kuchaji kwa waya wa C kwa C haijafa: imenyimwa rezista mbili za kilo-ohm 5.1, kwa hiyo chaja haijui kuna kitu upande wa pili. Tumia waya wenye kichwa cha zamani cha USB, itachaji. Watu wa boda, kishikio cha simu kwenye usukani kinatetemesha kamera. Apple wenyewe walionya mwaka 2021 kuhusu pikipiki na kamera za iPhone.

Na kwa swali lenu lenyewe: mita ya USB, ukubwa wa kidole gumba, inayochomekwa kati ya chaja na simu. Haina betri, kwa hiyo haina pa kudanganyia. Ingawa za bei ya chini nazo hukosea kidogo, na ukiweza zichomeke mbili kwa mfuatano dukani, moja nyuma ya nyingine, uone kama zinakubaliana kabla hujalipa.