Fedha za mavuno na akiba ya nyumbani

Umeuliza kwa nini fedha za mavuno huisha kabla ya msimu ujao, na kama ni heri kununua mbuzi kuliko kutunza noti ndani ya nyumba. Naomba usijilaumu, kwa kuwa kipato cha mkulima huja mara moja au mbili kwa mwaka ilhali matumizi ni ya kila siku, na fedha iliyo karibu haikosi mwenye shida wa kuiomba. Mbuzi huzaa, lakini pia hufa, na huwezi kuuza mguu wake mmoja mtoto anapohitaji dawa usiku.

Ninakusihi ujiunge na kikundi cha kuweka na kukopa, mfumo ambao shirika la CARE liliuanzisha nchini Niger mwaka 1991: watu 15 hadi 25, sanduku la chuma lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti, hisa, yaani akiba anayoweka kila mwanachama, zikigongwa muhuri kitabuni mbele ya wote, na mgawo wa akiba pamoja na faida ya mikopo baada ya miezi 9 hadi 12. Ombeni mgawo uangukie wakati wa kununua mbegu au kulipa ada. Nafaka iliyokaushwa vizuri nayo ni akiba. Usiiuze yote bei ikiwa chini.